Simu zinapozungumza bila mnara, nani atawazuia matapeli?

MFANYABIASHARA mdogo wa siku hizi hawezi kuizima simu yake. Oda ya mteja, bei ya gunia, taarifa kwamba lori limeshatoka Makambako, vyote vinapita humo. Na humo humo ndimo zinamopita meseji za watu asiowajua: ile inayomtaka atume "ile hela" kwenye namba nyingine, ya mganga anayetajirisha watu kwa siku 3, ya mkopo usio na dhamana, na ya bahati nasibu ambayo hakuwahi kuicheza.

Hasara yake si kero tu. Muuzaji wa jumla anayesubiri kweli kuambiwa na mkulima alipe kwa namba ipi ndiye anayenaswa kirahisi, kwa sababu meseji ya tapeli inamfikia wakati akitarajia nyingine inayofanana nayo. Fedha ikishatoka, kuirudisha ni kazi.

Kwa meseji za kawaida walau upo mlango wa kubisha hodi. Kampuni ya simu inaona namba iliyotuma na inaweza kuifunga. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imeweka namba 15040 ya kupokea taarifa za meseji za utapeli, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, inagusa utumaji wa ujumbe usioombwa.

Lakini ipo aina nyingine ya mawasiliano ambayo haina kampuni katikati. Simu inazungumza moja kwa moja na simu ya jirani, nayo inaipasia inayofuata, bila mnara, bila bando na bila vocha. Wataalamu wa kompyuta wameifanyia utafiti kwa zaidi ya miaka 20, na programu zake zinapakuliwa bure. Huko, meseji ya tapeli ikiingia, hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko.

Swali la nani atazizuia meseji hizo, na kwa njia gani, linamhusu mkulima na mchuuzi kuliko linavyoweza kuonekana kwa mara ya kwanza.

Kila simu inageuka mnara

Namna mtandao huo unavyofanya kazi si jambo geni. Aliyewahi kurushiwa wimbo kwa Bluetooth kijiweni amekwishautumia katika sura yake ya kwanza kabisa: simu mbili, umbali wa mita kama 10, faili moja.

Kilichoongezeka ni mambo mawili. La kwanza ni kupasiana: simu ya pili haikai na meseji, inaisogeza kwa ya tatu, ya tatu kwa ya nne, hadi imfikie aliyekusudiwa. La pili ni kubeba. Kama hakuna simu jirani, meseji inakaa mfukoni, inapanda basi au bodaboda pamoja na mwenye simu, na kushuka atakaposhuka.

Mfano wa kubeba ulionekana Cambodia mwaka 2003, katika jimbo la Ratanakiri ambako barua pepe za shule za vijijini zilisafirishwa kwa pikipiki. Pikipiki ilifungwa kisanduku chenye redio ya Wi-Fi. Ilipopita karibu na shule yenye umeme wa jua, ilichukua barua zilizokuwa zikisubiri na kuacha zilizokuja, kisha ikaendelea na safari hadi mahali penye intaneti. Wataalamu waliobuni utaratibu huo waliuita DakNet.

Kupasiana kulijulikana zaidi mijini. Mwaka 2014 waandamanaji wa Hong Kong walipakua kwa wingi programu ya FireChat wakihofia intaneti kukatwa. Mwaka 2019, katika mji huo huo, ikawa zamu ya Bridgefy. Julai 2025 Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, alitoa Bitchat, ambayo nayo hutumia Bluetooth na kuruhusu meseji iruke kutoka simu hadi simu mara 7.

Biashara nazo zina sababu za kuuangalia mtandao wa namna hii, ambazo hazina uhusiano na maandamano. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo hata wauzaji wawili walioketi meza moja, kila mmoja na simu yake, hawakuweza kutumiana picha ya mzigo kwa WhatsApp kama kawaida, kwani picha hiyo hupita kwanza kwenye mitambo ya mbali kabla ya kurudi meza ile ile. Na vipo vijiji ambavyo mnara haujafika, nyaya zikatike zisikatike.

Mzigo unabebwa na asiyelipwa

Ubaya wa meseji taka katika mtandao huu ni kwamba anayeibeba si aliyeituma.

Katika mtandao wa kawaida, mtumaji wa matangazo kwa wingi analipa kampuni ya simu walau senti fulani kwa kila meseji. Ni kidogo, lakini ni breki. Kwenye simu kwa simu hakuna hata hicho kidogo. Chaji inayotumika ni ya wapita njia, na nafasi inayojaa ni ya kumbukumbu za simu zao. Ni kama mtu anayepakia magunia yake juu ya baiskeli za watu wengine wanaopita barabarani, bila kuwauliza na bila kuwalipa.

Chukua mfano wa viwanja vya maonyesho ya Nane Nane. Tuseme wapo watu 1,000 wenye programu ya aina hiyo, na wauzaji 20 kila mmoja anarusha tangazo moja kwa saa kwa muda wa saa 8. Hayo ni matangazo 160. Kama kila simu inakabidhi kila ilichonacho kwa kila simu inayokutana nayo, jioni kutakuwa na nakala zinazokaribia 160,000 zinazozunguka uwanjani. Na hao 20 ni waungwana, wametuma tangazo moja tu kwa saa.

Utaratibu huo wa kukabidhi kila kitu kwa kila mmoja ulielezwa mwaka 2000 na watafiti Amin Vahdat na David Becker wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, nao waliufananisha na kuenea kwa ugonjwa wa mlipuko. Una sifa moja kubwa, kwamba kama ipo njia ya kumfikia mlengwa meseji itaipata. Lakini ndio huo huo ambao tapeli angeuchagua angepewa nafasi ya kuchagua.

Kwa mwenye simu ya bei nafuu, betri imechoka na kumbukumbu imejaa picha za shamba, mtandao wa namna hiyo hautadumu wiki. Ataufuta. Wakifuta kumi, meseji ya kweli ya mnunuzi nayo inakosa wabebaji, kwani mtandao wenyewe ni simu zao.

Uwanja wa Helsinki, 2005

Kwamba watu wengi waliosongamana ni shamba zuri la uchafu wa aina hii si nadharia.

Mwaka 2004 kilitokea kirusi cha simu kilichoitwa Cabir. Kilishambulia simu zilizotumia mfumo wa Symbian, zikiwemo Nokia nyingi za wakati ule, na kusambaa kwa Bluetooth pekee. Agosti 2005, wakati wa mashindano ya dunia ya riadha mjini Helsinki, Finland, kampuni ya usalama wa kompyuta ya F-Secure iliripoti kwamba kirusi hicho kilikuwa kikienea miongoni mwa watazamaji uwanjani.

Cabir hakikuvunja kufuli lolote. Kilibisha hodi. Simu ilimuuliza mwenyewe kama anakubali kupokea faili. Akikataa, iliuliza tena, na tena, maadamu simu yenye kirusi bado iko karibu. Wengine walikubali ili kelele ziishe. Ujanja huo ungali hai leo, na anayepigiwa simu mara 5 asubuhi moja na mtu wa "mkopo wa haraka" ataufahamu.

Simu za iPhone nazo zilipata adha yake kupitia AirDrop, njia ya kurushiana faili bila intaneti. Aliyeiacha wazi kwa kila mtu aliweza kurushiwa picha na yeyote aliye karibu. Mwaka 2022 rubani mmoja nchini Marekani alilazimika kutishia kurudisha ndege langoni kabla ya kuruka, kwa sababu abiria walikuwa wakirushiwa picha za utupu.

Mwishoni mwa mwaka huo Apple ikabadilisha: anayetaka kupokea kutoka kwa kila mtu anafunguliwa mlango kwa dakika 10 tu, kisha unajifunga na kubaki kwa watu walio kwenye orodha yake. Mabadiliko hayo yalianzia China mwezi Novemba, wakati ambapo AirDrop ilikuwa imetumika huko kusambaza vipeperushi vya kuipinga serikali, na Desemba yakaenea duniani. Apple ilieleza kuwa lengo ni kupunguza faili zisizoombwa. Kufuli lile lile linalomzuia mhuni linamzuia na mwenye neno la kusema, na hilo halina budi kukumbukwa kila inapoelezwa kwamba mtandao "unasafishwa".

Nakala 16 tu

Breki ya kwanza, na pengine iliyo rahisi kuliko zote, ni kuhesabu nakala.

Mwaka 2005 watafiti Thrasyvoulos Spyropoulos, Konstantinos Psounis na Cauligi Raghavendra wa Chuo Kikuu cha Southern California walipendekeza utaratibu ambao jina lake kwa Kiswahili ni kama "nyunyiza, kisha subiri". Meseji inazaliwa na idadi maalumu ya nakala, tuseme 16. Simu ya mtumaji inapokutana na ya kwanza inaipa 8 na kubaki na 8. Kila moja ikikutana na nyingine inagawa nusu: 4, kisha 2, kisha 1. Mwenye nakala moja hagawi tena. Anasubiri hadi akutane na mlengwa mwenyewe, ndipo aikabidhi.

Warudi wale wauzaji 20 wa Nane Nane. Matangazo yao 160 kwa nakala 16 kila moja yanafanya nakala 2,560 badala ya 160,000. Uwanja mzima unapumua.

Breki ya hatua 7 ya Bitchat ni ndugu wa hiyo. Inafaa sokoni, ambapo mbeba mizigo, mnunuzi na dalali wako ndani ya eneo moja. Kwa meseji inayotoka kijijini kwenda mjini hatua 7 za Bluetooth hazifiki mbali, na hapo kinachohitajika ni kubebwa, si kurukaruka.

Uzuri wa breki za namna hii ni kwamba hazihitaji mtu wa kusoma meseji za watu. Ushahidi mkubwa umetoka WhatsApp, ambayo ingawa ina kampuni katikati, kampuni hiyo haisomi yaliyoandikwa kwa kuwa yamefungwa. Januari 2019 iliweka kikomo duniani kote kwamba meseji moja ipelekwe mbele kwa watu au magrupu 5 kwa mkupuo. Aprili 2020 ikakaza zaidi: meseji iliyokwishapita mikono mingi ipelekwe kwa mmoja tu. Kampuni hiyo ilisema usambazaji wa meseji za namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna neno lililopigwa marufuku na hakuna mtu aliyefungiwa. Kidole kimeongezewa kazi kidogo, basi.

Hata hivyo, kuhesabu nakala kuna tundu moja. Anayehesabu ni simu yenyewe. Tapeli akichezea programu ya simu yake ili kila tangazo lizaliwe upya kila baada ya dakika 5 kama vile ni jipya, kikomo cha 16 hakimsumbui. Ili kumbana inabidi simu za jirani zimtambue kuwa ni yule yule, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe.

Mtu mmoja, majina mia

Mwaka 2002 John Douceur wa Microsoft Research alichapisha hoja ambayo wajenzi wa mitandao hii hawajapata njia ya kuikwepa. Alionyesha kwamba pasipo chombo cha katikati kinachothibitisha nani ni nani, mtu mmoja anaweza kujifanya watu wengi kadiri atakavyo. Akizuiwa kwa jina moja, anarudi na jingine. Akihitaji watu wa kumsifia, anajizalia mashahidi 50.

Kwenye laini za simu Tanzania ilijaribu kulimaliza tatizo hilo kwa usajili wa alama za vidole, ulioanza Mei 1, 2019. Mwisho wake ulipangwa Desemba 31 mwaka huo na kusogezwa hadi Januari 20, 2020. Usajili ule ulisaidia kujua namba ni ya nani, lakini haukuimaliza ile meseji ya "ile hela", na taarifa za robo mwaka za TCRA zimeendelea kuonyesha maelfu ya namba zilizotumika katika majaribio ya utapeli.

Kama hali ni hiyo palipo na vidole, kitambulisho na kampuni, palipo na simu tupu ni zaidi. FireChat ya mwaka 2014 ilimruhusu mtu kujiita jina lolote, na watengenezaji wake wakalazimika kuweka akaunti zilizothibitishwa ili uvumi upungue. Agosti 2020 watafiti wa Royal Holloway, chuo kilicho sehemu ya Chuo Kikuu cha London, walionyesha kwamba kwenye Bridgefy mtu aliweza kujifanya mwingine, na kwamba meseji moja iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kuzima simu moja baada ya nyingine katika mtandao. Baadaye mwaka huo kampuni hiyo ilibadilisha mfumo wake wa usiri. Bitchat nayo ilipotoka, haikuchukua siku nyingi mtaalamu mmoja akaonyesha jinsi ya kujipenyeza kwa jina la rafiki wa mtu.

Kwa mkulima, kujifanya mwingine ndiko kwenye hatari kuliko matangazo yote ya waganga. Meseji inayoonekana kutoka kwa mnunuzi wake wa siku zote, ikisema bei ya mahindi Kibaigwa imeshuka ghafla na auze leo leo kwa lori lililopo kijijini, inaweza kumtoa mazao ya msimu mzima kwa bei ya kutupa. Hapo hakuna aliyevunja simu wala kuiba namba ya siri. Ameaminiwa tu.

Dawa inayofahamika ni sahihi ya kielektroniki. Kila simu inatengeneza funguo mbili zinazooana, mmoja unabaki siri na mwingine unagawiwa kwa watu. Meseji iliyotiwa sahihi kwa ule wa siri inakaguliwa kwa ule uliogawiwa, hata pasipo intaneti. Ikibadilishwa neno moja njiani, inakataliwa. Hiyo haielezi kama mwenye ufunguo ni mwaminifu, lakini inaeleza kwamba ni yule yule wa jana, na kwa biashara hiyo ni nusu ya safari.

Mgeni asifungiwe mlango

Nusu iliyobaki ndiyo inayogawanya watu.

Njia iliyo salama kabisa ni simu kukubali na kubeba meseji za watu walio kwenye orodha ya mwenyewe tu. Taka zote zinakwisha siku hiyo hiyo. Kwa mwanafunzi wa chuo anayechati na marafiki zake, hakuna anachopoteza.

Mchuuzi anapoteza biashara. Mteja mpya siku zote ni mtu asiyejulikana. Muuza vitunguu wa Mang'ola anayemtegemea mnunuzi mmoja tu anayemfahamu hana nguvu ya kukataa bei, na anachokitafuta katika simu ni huyo wa pili na wa tatu ambao hajawahi kuwaona. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kichujio kinachowafukuza wageni wote kimemlinda kuku kwa kumnyima jogoo.

Kwa hiyo mapendekezo yanayomfaa mfanyabiashara ni yale yanayomwacha mgeni aingie kwa kipimo. Mojawapo ni kumpunguzia nakala: anayefahamika apewe 16, mgeni apewe 2. Meseji yake ikipokewa vizuri na simu kadhaa, kipimo kinaongezeka. Ikifutwa bila kusomwa, kinapungua. Anayejizalia majina mia anajikuta kila jina linaanzia chini.

Jingine ni udhamini. Phil Zimmermann, aliyetoa programu ya PGP mwaka 1991, aliujenga juu ya wazo ambalo kila soko linalo: simjui huyu, lakini ninamjua anayemjua. Aliyethibitisha ufunguo wa mwenzake anautia sahihi yake, na anayemwamini wa kwanza anaweza kumkubali wa pili.

Kijijini mdhamini wa namna hiyo hahitaji kutafutwa mbali. Chama cha ushirika cha msingi cha masoko, AMCOS, kina daftari la wanachama, kina viongozi wanaojulikana kwa sura na kinakutana nao mizani ikiwa katikati. Kama ufunguo wa chama ungetumika kuthibitisha funguo za wanachama na za wanunuzi waliokwisha kulipa bila usumbufu, simu ya mkulima ingeweza kumtofautisha mnunuzi mgeni aliyedhaminiwa na mgeni aliyejizukia. Hilo ni rahisi kuliko kumtaka mkulima achunguze mwenyewe kila jina linaloingia.

Udhamini nao una ubaya wake, na wauzaji wanaujua. Anayeshika muhuri anaweza kuuza muhuri. Dalali anayeamua ni nani aonekane sokoni na nani asionekane ni yule yule wa zamani, amehamia kwenye simu tu. Ndiyo maana wadhamini wanatakiwa kuwa zaidi ya mmoja, na udhamini uwe na tarehe ya kwisha.

Yasiyofaa sana

Yapo mapendekezo mawili yanayosifiwa sana ambayo kwa mchuuzi wa huku hayana faida kubwa.

Moja ni kumlipisha mtumaji kwa kazi. Cynthia Dwork na Moni Naor walilitoa mwaka 1992, na Adam Back akalitengenezea programu ya Hashcash mwaka 1997: kabla meseji haijakubaliwa, kompyuta ya mtumaji ifanye kwanza hesabu ndefu inayochukua muda. Kwa meseji moja si kitu, kwa milioni ni mzigo. Lakini kinacholipwa hapo ni umeme. Tapeli mwenye kompyuta iliyochomekwa ukutani analipa bila kuhisi, na mama lishe mwenye simu iliyobaki na chaji asilimia 12 ndiye anayezimikiwa.

La pili ni kuchuja kwa maneno, yaani simu ijifunze maneno ya kitapeli na kuyatenga. Kwa barua pepe za Kiingereza limefanya kazi kubwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa Kiswahili linakwama mahali pawili. Neno moja lina sura nyingi, tuma, nitumie, utanitumia, itumwe, zilizotumwa, na kichujio kinachohesabu maneno kama yalivyoandikwa kinaziona kama maneno tofauti. Pia maneno ya tapeli ndiyo maneno ya biashara halali: mbolea, ruzuku, mkopo, malipo, namba. Tangu msimu wa 2022/23, serikali iliporejesha ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa, meseji yenye maneno hayo inaweza kuwa ndiyo mkulima anayoisubiri kuliko zote.

Ya kufanya leo

Wakati programu hizo zikiendelea kuboreshwa, mengi ya msingi yako mikononi mwa mwenye simu.

Bluetooth na njia nyingine za kurushiana faili zizimwe zisipotumika, hasa mnadani, stendi na kwenye maonyesho. Inapobidi kupokea, simu iwekwe ionekane kwa walio kwenye orodha tu, au kwa kila mtu kwa dakika chache. Faili ambalo jina lake linaishia na .apk ni programu, si picha wala orodha ya bei, na halifai kufunguliwa kama limetoka kwa mtu asiyejulikana.

Anayebadilisha namba ya kupokelea malipo aulizwe kwa sauti. Simu ya nusu dakika kwa namba yake ya zamani, siyo ile mpya iliyotajwa kwenye meseji, inatosha kuvunja utapeli mwingi.

Wasimamizi wa magrupu ya wakulima na ya wafanyabiashara wanaweza kuweka breki zao wenyewe: mgeni aingizwe na mwanachama anayemjua, matangazo yawe na siku yake, na habari ya bei itajwe na soko, tarehe na jina la aliyeiona. Habari ya bei isiyo na tarehe isipelekwe mbele.

Meseji ya utapeli ipelekwe 15040, kisha iandikwe namba iliyoituma. Kwa kubonyeza *106# mtu anaweza kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa, na akikuta asiyoitambua aende kwa kampuni husika ifutwe, kabla haijatumika kumwandikia mtu mwingine meseji ya "ile hela" kwa jina lake.